Picha ya mtawa na bahari tupu, uzuri wake uko wapi?

kaole_kwetu: Habari za jioni wakuu. Mimi nipo Bagamoyo nachora picha za kuuza, majahazi, minazi, wavuvi na ngalawa zao, ndo wageni wanazonunua. Mwalimu wangu kanionesha kwenye simu picha ya Mjerumani Caspar David Friedrich, kaichora kati ya 1808 na 1810, mtawa kasimama ufukweni, mbele bahari, juu mbingu, basi. Anasema ni katika picha kubwa za zama zile za Romantiki, wachoraji walipotukuza hisia na maumbile. Nimeitazama mpaka macho yameuma, hakuna chombo, hakuna mti, hata jua hakuna. Nisaidieni, nataka kuielewa.

Bint_Raskazone: Salamu kutoka Tanga. Kaka simu inaidhulumu hiyo picha. Yenyewe ipo Berlin, kwenye jumba la sanaa la Alte Nationalgalerie, upana wake umepita sm 170, mtu ukinyoosha mikono yote miwili ndo unaumaliza. Tafuta kompyuta uikuze. Chini mchanga umepauka, halafu bahari nyeusi ukanda mwembamba tu, ina vidoa vyeupe vya mawimbi na ndege, na mbingu imechukua zaidi ya robo tatu yote, chini imefunga giza juu inafunguka kidogo kidogo. Kila kitu kimelala, aliyesimama wima ni mtawa peke yake na ni mdogoo.

Halafu sikia hii, wataalamu walipoipiga miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho inayopenya rangi ya juu, wakakuta chini ya rangi kuna meli za matanga, Friedrich alizichora mwanzo kisha akazifunika.

kaole_kwetu: Eeh! Azitoe kwa nini sasa? Chombo ndo kinaipa bahari uhai dada yangu.

mzee_wa_dau: Chombo kikiwepo jicho linatua hapo mwanangu, unaanza kuwaza kinatoka wapi, kimebeba nini, bahari yenyewe unaisahau. Wachoraji wengi wa enzi zile walikuwa wanaweka miti pembeni iishike picha, yeye pembeni kaacha wazi, jicho halina pa kushika. Ilipooneshwa Berlin 1810 watu walishtuka, mwandishi Kleist akasema kuitazama ni kama umekatwa kope, jicho haliwezi kufumba. Na mfalme wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa enzi zile, akainunua. Friedrich kazaliwa Greifswald, pwani ya Baltiki, bahari anaijua. Wewe nenda pale forodhani asubuhi ya masika wingu likiwa limeshuka, hujui maji yanaishia wapi, simama bila kupiga picha wala kuongea na mtu, ndo utajua anasema nini.

rangi_saba: Mimi bado nampa Turner, mchoraji Mwingereza, ile picha yake ya meli Temeraire ya 1839 ipo National Gallery London. Meli ya matanga iliyopigana vita vya baharini vya Trafalgar 1805 inavutwa na kimeli cha moshi ikavunjwe, mtu wa Bagamoyo inamuingia hapohapo. Ya Friedrich inataka subira, ila heshima yake naitoa.

Bint_Raskazone: Kaka fanya hivi, chora ufukwe wako na ngalawa kama kawaida, ikikauka zifunike zote, bakiza mtu mmoja.

kaole_kwetu: Turubai ninayo, kesho naanza. Mtu nimuweke katikati?

Bint_Raskazone: Hapana, msogeze kushoto kama alivyofanya Friedrich, na atupe mgongo. Uso usichore kabisa.