Msaada: sikio la kulia limeziba na linapiga mluzi, matone ya kitunguu swaumu yanafaa?

Kijana wa Nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni. Sikio langu la kulia limeziba ghafla tangu juzi na linapiga mluzi usiku kucha. Simu ikiita upande huo siisikii, ila roli likipita nalipata vizuri tu. Kuna mama pale soko la Majengo anauza matone ya kitunguu swaumu, elfu nane kichupa. Nitie matone mangapi kwa siku? Naomba majibu ya kitaalamu, matusi sitaki.

Bi Zabibu:
Pole mdogo wangu. Mwanangu aliwahi kujitia punje ya hindi sikioni, bibi yake akaimwagia maji eti itoke. Ikavimba! Tulilala hospitali. Tangu siku ile nyumbani kwangu mahindi yanapukuchuliwa watoto wakiwa shule.

Mzee wa Area C:
Vijana mnashinda na vispika masikioni, usiku mko baa, halafu mnashangaa. Punguza starehe.

Tabibu Zamu ya Usiku:
Mkuu, kabla ya matone: ulikuwa na mafua? Uliingiwa na maji? Ulikaa kwenye kelele kubwa? Ulipigwa? Na kizunguzungu je?

Kijana wa Nkuhungu:
Mafua sina, maji hayajaingia, kelele hakuna. Niliamka nikakuta hivyo. Kizunguzungu kidogo tu nikiinama kufunga viatu. Nisaidie idadi ya matone.

Tabibu Zamu ya Usiku:
Swali la nne umeliruka.

Kijana wa Nkuhungu:
Sawa. Ni kofi. La mzee wangu. Niliuza dume lake mnada wa Msalato nikalipia kiwanja Ihumwa, nilipanga kumwambia baada ya mavuno, wambeya wakaniwahi. Hospitali siendi, watadai PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na siwezi kwenda polisi kumwandikisha baba yangu mzazi. Kwa hiyo matone yananitosha.

Mzee wa Area C:
Dume la mzee! Ungekuwa wangu ningemalizia na la kushoto.

Pilipili Kichaa:
Kiwanja kimepimwa lakini? Ihumwa kuna watu wanauziwa kimoja watatu.

Nyundo Butu:
Chai hii, leteni vitafunwa. Mtu akikukabili uso kwa uso akakuzaba kwa mkono wa kulia, kofi linatua shavu la kushoto. Huyu anaumwa la kulia. Kesho mtaona ID mpya inasema "matone yameniponya", na namba ya kuagizia chini.

Pilipili Kichaa:
Hahaha, upelelezi umekamilika. Mods, fungeni uzi.

Kijana wa Nkuhungu:
Mzee ni mashoto. Hata kura anapiga kwa shoto. Na kichupa chenyewe sijakinunua bado, nitamfanyia nani biashara?

Tabibu Zamu ya Usiku:
Iwe chai iwe uji, nitajibu, maana yupo msomaji mwingine mwenye shida hii. Kofi la sikio linasukuma hewa kwa nguvu kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba ndani ya tundu la sikio, kinaweza kuchanika. Nyuma yake kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina milimita tatu hivi, ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, na kimekaa mlangoni mwa sikio la ndani. Huko ndani kuna koklea, imejizungusha kama ganda la konokono, imejaa majimaji na seli za vinyweleo zipatazo 15,000. Mtikisiko wa majimaji unapinda vinyweleo, neva inapeleka habari kwenye ubongo. Sauti nyembamba zinapokelewa karibu na mlango, nzito kule mwisho kabisa. Hivyo kukosa mlio wa simu ukasikia roli kunanitia wasiwasi. Mifereji ya kukuweka wima nayo ipo jirani, inatumia majimaji hayo hayo, ndiyo maana nimeuliza kizunguzungu. Seli zile kwa binadamu zikifa haziotei tena.

Sasa matone: kiwambo kikiwa kizima, hayafiki huko. Kikiwa kimechanika, yanaingia pasipotakiwa. Kwa vyovyote elfu nane imepotea.

Fanya hivi: funga mdomo, guna "mmmm" mfululizo. Sauti inavutia upande gani?

Bi Zabibu:
Nimeguna hapa jikoni, mume wangu anauliza nimekasirikia nini.

Kijana wa Nkuhungu:
Inaenda kushoto. Upande mzima. Hiyo ni nzuri au?

Tabibu Zamu ya Usiku:
Si nzuri. Ingekuwa kiwambo peke yake, kwa kawaida ingevutia upande mbovu. Hiki ni kipimo cha kienyeji tu, lakini kesho asubuhi nenda hospitali ya rufaa, kitengo cha masikio, upimwe usikivu. Usikivu ukipotea ghafla, wiki mbili za mwanzo ndizo zenye matumaini. Usipenge kamasi kwa nguvu, usibebe mzigo mzito. Sikio lisiingie maji.

Kijana wa Nkuhungu:
Na PF3?

Bi Zabibu:
Kaka yangu alipopigwa chupa alihudumiwa kwanza, fomu ikafuata. Nenda na mzee mwenyewe, mdogo wangu.

Kijana wa Nkuhungu:
Hatuongei. Nitajaribu Jumatatu.

Tabibu Zamu ya Usiku:
Kesho, mkuu.

Pilipili Kichaa:
Na dume ulipata bei gani? Nina langu nataka kulipeleka Jumamosi.