Naomba ushauri: vinyunyizio vya moto vimepakwa rangi, fundi anasema vifutwe tu

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wanaofahamu mifumo ya zimamoto.

Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa tano. Limekarabatiwa juzi, na wapaka rangi wamepita na dari yote, vinyunyizio vya maji vikiwemo. Kile kichupa chekundu cha kioo, ambacho hupasuka joto likifika nyuzi 68, kwenye vichwa kama 30 kimegeuka cheupe. Vitambua moshi navyo vingine bado vimevaa vifuniko vya plastiki vya kuzuia vumbi. Yaani vimezibwa pua halafu tunategemea vinuse!

Vifuniko nimeanza kuvitoa mwenyewe. Nimebonyeza kitufe cha majaribio, kengele zimelia kote, lakini najua hiyo haithibitishi kuwa moshi unaingia ndani ya kitambuzi. Fundi wa mfumo anataka kufuta rangi kwa thina na kisu, kisha nimsainie cheti. Nimesoma NFPA 25 (kiwango cha Marekani cha ukaguzi na matunzo ya mifumo ya zimamoto ya maji) nikaelewa kwamba kichwa kilichopakwa rangi nje ya kiwanda hubadilishwa, hakisafishwi. Yeye anasema hayo ni makaratasi. Mwenye jengo, kwa kuwa ni nafuu, yuko upande wake.

Maswali yangu ni mawili:

Kuna aliyewahi kukubaliana na kusafisha, au nikomae vibadilishwe vyote?

Na kabla ya kusaini, nidai majaribio gani kwa maandishi, hasa ya moshi na ya mtiririko wa maji?

Natanguliza shukrani.