Mimba ya miezi mitano na hamu ya siki, kuna madhara?

MamaKijacho_Uyole: Habari zenu wapendwa. Niko Uyole hapa Mbeya, mimba ya kwanza, miezi mitano. Tangu kichefuchefu kiishe nimeshikwa na hamu ya siki. Kachumbari bila siki hailiki, embe bichi nalichovya humo, na siku hizi naimimina kwenye kijiko nainywa hivyo hivyo. Mama mkwe ameniona, amekasirika kweli, anasema inakausha damu na mimba itatoka. Halafu wifi yangu wa Makete kaniletea siki ya matufaa waliyoivundika nyumbani, ina utando chini, anasema hiyo ndiyo nzuri, haina kemikali. Nimsikilize nani? Naogopa jamani.

Bibi_Kihesa: Hongera mwanangu. Hilo la kukausha damu tumeambiwa wote, hata kwa ndimu. Ila usimjibu vibaya mkweo, hofu yake ni kwa mjukuu.

Nesi_Mwanjelwa: Mdogo wangu, siki haikaushi damu. Ya dukani ni maji na asidi ya asetiki, mara nyingi asilimia 5 hivi. Kwenye kachumbari au chipsi haina shida kwako wala kwa mtoto. Ninachokukataza ni hicho kijiko: kinachoma koo, kinazidisha kiungulia na kinakula meno. Ukishakula kitu kikali suuza mdomo kwa maji, mswaki usubiri kama nusu saa.

Hiyo ya Makete ndiyo inayonitia wasiwasi. Wifi kaileta kwa upendo, lakini haijapashwa moto kuua vijidudu, na ukali wake hakuna aliyeupima. Tufaa likiokotwa chini penye samadi hubeba vijidudu, na siki si lazima ivimalize vyote. Kuna kimoja, listeria, humpata mjamzito kirahisi kuliko watu wengine, na kikifika kwa mtoto mimba inaweza kutoka. Usiinywe mbichi wala usiitie kwenye kachumbari. Ukiitaka sana, itie kwenye mchuzi uchemke vizuri.

Fefo, vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, unameza?

MamaKijacho_Uyole: Nameza dada, asubuhi na chai ya rangi. Na niseme ukweli, udongo pia nakula.

Nesi_Mwanjelwa: Basi hapo ndipo pa kuangalia damu, si kwenye siki. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na udongo vilevile. Tena huo unaweza kuwa na mayai ya minyoo, hata madini ya risasi. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Kliniki waambie wazi, wakupime. Fefo meza usiku kwa maji au juisi ya chungwa.

Baba_Ipogolo: Naongezea: wapo wanaowapa wajawazito siki ya matufaa kutibu UTI. Msikubali. UTI inataka dawa ya hospitali, ikiachwa inapanda kwenye figo.

MamaKijacho_Uyole: Asanteni sana. Na achari je?

Nesi_Mwanjelwa: Kula kidogo, ina chumvi nyingi. Presha nayo wakuangalie siku hiyo hiyo.