Mnatuharibia ekseli za Beetle! Beringi 6207 si 6306, na "itaingia tu" si kipimo

Banange, hii tabia mpaka lini? Mtu anapeleka dukani beringi ya gurudumu la nyuma la Volkswagen Beetle iliyokwisha, muuzaji anaigeuzageuza, anapima kwa jicho, anampa nyingine na kumwambia, "Chukua hii ssebo, itaingia tu." Na kweli inaingia. Hapo ndipo balaa linapoanza, maana isingeingia gari lingebaki juu ya mawe na hakuna kitu kingeharibika.

Tuwekane sawa. Beetle yenye ekseli za kubembea, ile ambayo bomba moja zima linatoka giaboksi hadi kwenye dramu ya breki, inavaa beringi moja kila upande: 6306. Hiyo si namba ya Volkswagen peke yao, ni ya kimataifa, hata mota za umeme zinaitumia. Kwa hiyo akikuambia "ya Beetle haipatikani siku hizi", nenda duka la beringi za mashine uombe 6306, usitaje gari kabisa. Sita ya mwanzo inakuambia ni beringi ya gololi ya safu moja. Tatu ni ukubwa wa mwili wake. Sifuri-sita zidisha kwa tano, unapata tundu la milimita 30. Nje ni 72, unene 19.

Sasa angalia 6207: tundu 35, nje 72, unene 17. Nje ni ileile 72! Ndiyo maana inakaa vizuri kwenye nyumba yake na kila mtu anafurahi. Ndani inacheza milimita tano, basi makanika anakwenda kukerezewa bushi (pete ya kujazia nafasi) ya ukuta wa milimita mbili na nusu, anaipachika kwenye ekseli, kazi imekwisha. Haijakwisha. Kwenye gari hili beringi ndiyo inayozuia ekseli isitoke nje wala kuingia ndani. Mfuniko wenye bolti nne unabana pete ya nje. Nati kubwa inabana pete ya ndani kati ya spesa mbili, yaani vipande vya bomba vinavyovaa ekseli. Ukiweka kitu chenye upungufu wa milimita mbili, pete ya nje inaelea, gurudumu linasogea kila ukikata kona, sili ya kuzuia oili inakatika midomo, na oili inamwagikia breki shuu. Halafu mwenye gari anaambiwa "hizi Volkswagen ndivyo zilivyo". Sivyo zilivyo, mmezifanya hivyo.

Wenye magari ya zamani ya Kiingereza nao wana msiba wao: beringi za inchi. Beringi inayoitwa LJ 1¼ ina tundu la milimita 31.75, nje 69.85, unene 17.46. Nimesikia watu wakisema 69.85 "ni sabini tu". Chukua maikromita, acha uvivu.

Jambo la pili, na hili hata mafundi wazuri wanalikosea: herufi zinazofuata namba. Kwenye ekseli ya kubembea beringi inalainishwa na oili ya giaboksi inayopita ndani ya bomba. Inatakiwa iwe wazi. Ukiuziwa 6306 yenye mpira pande zote mbili umeifungia nje oili, inabaki na kijiko cha grisi iliyotoka nayo kiwandani. Kila kampuni ina herufi zake: kwa SKF mpira ni 2RS1 na bati ni 2Z, NSK wanaandika DDU na ZZ, NTN ni LLU na ZZ. Ukiona lolote kati ya hayo, rudisha. C3 ni kitu kingine, ni nafasi ya ndani iliyoongezwa kidogo kuliko kawaida. Hiyo haina shida hapa. Na mwenye simu asidanganywe na boksi zuri, maana boksi ndilo rahisi kuliko vyote kughushi: SKF wana programu yao, SKF Authenticate, unatuma picha wanakujibu.

Tukija kwenye kufunga. Kutoka ndani: spesa ya ndani, beringi, washa (kipete bapa cha chuma), oringi (pete ya mpira) ndogo juu ya ekseli, spesa ya nje. Oringi kubwa inazunguka beringi, kabla ya bati la breki, gasketi na mfuniko. Seti ya sili ina vyote hivyo pamoja na kota pini (pini ya kuzuia nati isilegee), lakini madukani wanaipasua na kuuza sili peke yake! Sili mpya bila oringi ndogo ni kazi bure: oili inapita chini ya spesa, inafuata meno ya ekseli, inatokea katikati ya dramu, nanyi mnaendelea kulaumu sili. Pitisha pia ukucha kwenye spesa ya nje, pale mdomo wa sili unaposuguana. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, badilisha spesa. Barabara za murram zinakula hapo kama msasa.

Beringi iliyotolewa kwa kugongwa usiirudishe, hata kama inazunguka kimya mkononi. Gololi zimeshaacha makovu kwenye njia zinamopita.

Nati kubwa ya ekseli, ya milimita 36, inataka kukazwa kwa Nm (nyutonimita) 300. Huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Mtu wa kilo 75 asimame na uzito wake wote kwenye bomba la kurefusha mpini wa spana, lililolala sawa na ardhi, sentimita 41 kutoka katikati ya nati. Gari liwe chini, si juu ya jeki. Tundu la kota pini lisipolingana, kaza mbele, usilegeze kurudi nyuma. Nati iliyolegea inakula meno ya dramu, na mlio wake watu wanaudhania ni beringi, wanarudi kununua beringi nyingine.

Kabla ya kununua dramu msitegemee mwaka wa kwenye logbook. Inua kiti cha nyuma, soma namba ya chasisi. Kuanzia modeli ya 1965 tarakimu ya tatu ndiyo mwaka: 117 ni modeli ya 1967, ambayo ilianza kutoka Agosti 1966. Modeli ya 1968 na kuendelea ina ekseli na dramu zenye meno marefu zaidi. Ukichanganya, nati haitabana unachodhani inabana.

NYONGEZA: Ndugu uliyeuliza kuhusu Beetle ambayo ekseli zake za nyuma zina joint mbili kila upande, si za kubembea, huo ni mfumo mwingine kabisa. Kila kitovu kina beringi mbili, moja ya gololi na moja ya rola, na zinakula grisi, si oili ya giaboksi. Aliyekuuzia 6306 kwa gari hilo mrudishie leo, na usikubali abadilishe kwa "kubwa kidogo". Toa zote mbili, zioshe kwa petroli, soma namba iliyochongwa kwenye pete. Kama imefutika, pima tundu, nje na unene, uandike kwenye karatasi ndipo uende dukani.