Bosi wa saluni anataka kunitoa kwenye mshahara aniweke kwenye asilimia 40. Nikubali?

MsusiWaChuda
Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri kabla mwezi haujaisha, bosi anasubiri jibu.

Nafanya kazi saluni ya kike hapa Tanga mjini, maeneo ya Chuda. Nalipwa 220,000 kwa mwezi. Tunafungua saa 2 asubuhi, tunafunga saa 1 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Chakula cha mchana tunakula tukiangalia mlango, mteja akiingia unaweka sahani chini. Sasa bosi anasema biashara ngumu, kuanzia mwezi ujao hakuna mshahara: kila kichwa nitakachofanya nachukua asilimia 40. Eti anayejituma atapata zaidi.

Nina daftari, naandika kila kazi. Mwezi wa Idd kazi za mikono yangu zilifika 900,000. Mwezi uliopita 480,000 tu. Kuna siku nafagia, nafua taulo, naosha vitana na roli, na mteja wa kwanza anaingia saa 9 alasiri. Halafu kazi hazilingani. Rasta ndogondogo zinanikalisha saa sita mpaka saba na mteja analipa 35,000, wakati mwenzangu kwa muda huohuo kaosha na kuseti vichwa vinne vya 10,000.

Wenzangu washakubali, mimi wananiona naogopa kazi. Siogopi kazi. Nalipa chumba na namsomesha mdogo wangu.

Mzee_wa_Hesabu
Mwanangu, anza na saa. Saa 11 kwa siku 6 ni saa 66 kwa wiki. Zidisha kwa 4.333 upate mwezi: kama saa 286. Gawa 220,000 yako, unapata shilingi 769 kwa saa. Kwa wiki ya kawaida ya kisheria ya saa 45, mshahara huohuo ungekuwa kama 1,128 kwa saa. Kwa hiyo hata huo mshahara unaonyang'anywa ulikuwa umeshapunjwa.

Sasa asilimia 40 ya 480,000 ni 192,000. Umeshuka. Ya 900,000 ni 360,000, umepanda sana, lakini Idd haiji kila mwezi. Na swali kubwa kuliko yote: asilimia 40 ya nini? Ya pesa anayotoa mteja, au ya kinachobaki baada ya kukata dawa, mafuta na rasta? Kama vifaa vinakula 120,000 katika ile 480,000, fungu lako ni 144,000.

Boda_Mikanjuni
Mimi napeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku. Mvua ikinyesha kutwa, hesabu iko palepale. Dada usikubali kirahisi.

MamaSaluni_Makorora
Nami ni mwenye saluni, niseme kwa upande wetu. Kodi ya fremu hailali, umeme haulali, na mwezi wa Ramadhani unaweza kufungua mpaka adhuhuri hujashika hata elfu tano. Bosi wako huenda hasemi uongo kwamba pesa hakuna. Lakini anachofanya ni kukuhamishia wewe siku mbaya zote, na milango unafungua wewe, taulo unafua wewe, mteja wake anayekuja kuulizia bei unamhudumia wewe. Kukaa pale dukani tayari ni kazi. Saluni bila mtu ndani wateja wanapita.

Mimi wasichana wangu nawapa msingi 100,000 na asilimia 25 ya kazi zao. Kwa daftari lako wewe, mwezi mbaya ni 220,000 ileile, mwezi wa Idd 325,000. Nyote mnashinda njaa na nyote mnafurahi msimu ukija. Na rasta ndogo naziwekea asilimia kubwa zaidi, la sivyo hakuna atakayekubali kuzisuka.

Mtoto_wa_Ngomeni
Baba yangu alikata mkonge enzi za kipande. Kadi ilikuwa na siku 30 za kazi, na siku ilihesabiwa tu ukimaliza ngwe yako, mizigo ya majani thelathini thelathini. Alikuwa akisema aliyepangiwa mkonge mzuri anarudi kambini mapema, aliyepangiwa mbovu anarudi jua limezama, na siku iliyoandikwa ni moja. Mpangaji wa ngwe ndiye alikuwa mpangaji wa mshahara. Kwa hiyo uliza saluni nani atagawa wateja. Kama bosi ndiye anayesema "wewe chukua rasta, wewe chukua kuseti", basi kujituma kwako hakuamui kipato.

MsusiWaChuda
Anagawa yeye, mzee. Na shoga yake ndiye huchukua wa kuseti.

Sheria_Kidogo
Dada, jambo moja muhimu. Kuitwa mtu wa asilimia hakukutoi kwenye ajira. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikitimia hata sifa moja kati ya zilizotajwa: saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea mtu mmoja kwa kipato, na nyinginezo. Wewe unazo kadhaa. Kwa hiyo likizo, siku 84 za uzazi na michango ya NSSF hazifi kwa sababu umelipwa kwa kichwa.

Pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri ashauriane nawe anapobadili masharti, na akupe mabadiliko kwa maandishi. Saa za ziada ni mara moja na nusu, na hazizidi 50 kwa wiki nne. Wewe unapita hapo. Mkishindwana kabisa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayeachishwa kazi ana siku 30 za kulalamika, migogoro mingine siku 60. Lakini anza na mazungumzo, na lile daftari ulitunze kama kitambulisho.

MsusiWaChuda
Ahsanteni sana. Nitaomba msingi 100,000 na asilimia 25 kabla ya kukata dawa, rasta ziwe na kiwango chake, na wateja wagawiwe kwa zamu. Akikataa msingi, basi nisikae mchana kutwa. Nije kwa miadi tu.

MamaSaluni_Makorora
Hilo la miadi lishike, lina nguvu kuliko unavyodhani. Na mfunge hesabu kila jioni mbele ya wote, si mwisho wa mwezi.

Binti_Mabawa
Dada ukishaongea naye tuambie alijibuje. Na mimi niko kwenye asilimia 35 na dawa nanunua mwenyewe.