Naomba ushauri: tumpe kijana mkataba wa miaka mitatu?

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mweka hazina wa timu ndogo ya kikapu hapa Mwanga, Kigoma. Tuna kijana wa miaka 20, mrefu kama mnazi. Mkataba wake unaisha mwezi ujao, na mjomba wake anataka miaka mitatu, posho mara mbili ya sasa. Mfadhili wetu anauza dagaa. Kukiwa na mbalamwezi mitumbwi haiingii ziwani, hata nauli ya kwenda Ujiji inatushinda.

Kinachonitisha ni goti la kushoto. Uwanja wetu ni wa saruji, na juzi nilimkuta nyuma ya kibanda analifunga kitambaa kimyakimya. Aliponiona akashusha suruali haraka.

Kocha anasema urefu haufundishwi. Sawa, lakini Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania mrefu kuliko wengi (simvunjii heshima), alichaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, James Harden wa tatu, Stephen Curry wa saba. Waliodumu ni hao wawili wa nyuma yake, wafupi kwake. Huyu tumemwona msimu mmoja tu!

Nafikiria mwaka mmoja, na nyongeza kwa kila mechi atakayocheza. Mjomba akikataa, nimwache kijana aende? Na kipengele cha majeraha mnakiandikaje?