Mama kundi O, mtoto kundi A, Coombs hasi: tuliondoe suala la damu?

zamu_ya_usiku
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mama O chanya, mzao wa kwanza. Kichanga ni A chanya, manjano yameanza kabla ya saa 24. Coombs ya moja kwa moja (kipimo cha kuona kama kingamwili zimeshika chembe nyekundu za mtoto) imetoka hasi, na wodini wanasema basi si makundi ya damu kutopatana, yaani kingamwili za mama kuvunja chembe za mtoto. Hasi hiyo inatosha? Na mbona mama wa A mwenye mtoto wa B ni nadra kupata shida hii?

Darubini
Haitoshi hata kidogo. Chembe nyekundu za kichanga zina antijeni A chache, hivyo kingamwili zinazozishika nazo ni chache. Kipimo hutoka hafifu au hasi kabisa. Kwanza hakikisha chembe zilioshwa kwa salaini mara tatu au nne. Plazma ikibaki, globulini zake hukimaliza nguvu kitendanishi cha kipimo na unapata hasi ya uongo. Kila bomba lililotoka hasi liongezee chembe za kudhibiti zilizopakwa IgG (aina ya kingamwili). Zisipogandana, rudia kipimo. Kisha tazama slaidi: sferosaiti (chembe nyekundu zilizoviringana) nyingi pamoja na retikulosaiti (chembe nyekundu changa) zilizopanda zinaelekeza kwenye kutopatana kwa makundi ya ABO. Mkiweza kufanya elusheni (kubandua kingamwili kwenye chembe za mtoto), jaribu eluti, yaani majimaji yenye kingamwili hizo, kwa chembe za A za mtu mzima.

mkunga_mwandamizi
Kuhusu mama wa A: anti-B yake (kingamwili dhidi ya B) kwa sehemu kubwa ni IgM, aina nyingine ya kingamwili, na kondo la nyuma halina kipokezi cha kuivusha. Mama wa O ana anti-A,B ambayo sehemu yake kubwa ni IgG, na hiyo kondo huivusha lenyewe. Tena anakuwa nayo kabla hata ya ujauzito, ndiyo maana mzao wa kwanza hasalimiki. Rh (ile chanya au hasi ya kundi la damu) ni tofauti: kinga ya mama hasi huamshwa na damu ya mtoto chanya, mara nyingi wakati wa kujifungua, kwa hiyo anayeumia zaidi ni mtoto anayefuata. Sindano ya anti-D (kingamwili dhidi ya chembe za Rh chanya), mikrogramu 300 ndani ya saa 72, hufunika takribani mililita 30 za damu ya mtoto. Kama mama ameshatengeneza anti-D yake mwenyewe, haisaidii tena.

zamu_ya_usiku
Nimeelewa. Na mtoto afanyiwe nini sasa hivi?

Darubini
Bilirubini (kinacholeta manjano) ya damu ipimwe sasa hivi, isomwe kwenye chati kwa saa za umri wake, irudiwe baada ya saa 4 hadi 6. Awekwe chini ya taa, macho yafunikwe, abaki na nepi tu, na aendelee kunyonya. Maji ya glukosi hayapunguzi manjano. Pimeni na G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu), ila jibu la kawaida wakati chembe zinavunjika lisiwatulize: retikulosaiti zina kimeng'enya hicho kingi. Ikifika kubadilisha damu, agizeni chembe za O katika plazma ya AB, mililita 160 kwa kila kilo.